Nguvu ya Vifaa vya Kujengea, na Sahihi ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Ubaruku, Wilaya ya Mbarali)



Bwana Katibu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nilimjibu kwamba nataka kusema juu ya nguvu ya chuma, zege, matofali na mbao. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya mainjinia, na sisi ni watu wa kalamu. Neno lake lina haki, walakini halikumaliza habari. Injinia mmoja hutazama kazi nyingi katika wilaya nzima, na siku ambayo lori la nondo lafika bohari, aghalabu yeye hayupo. Aliyepo ni karani.

Nanyi mwajua ya kuwa siku hizi madarasa, zahanati na nyumba za walimu nyingi hujengwa na mafundi wa hapa hapa, chini ya kamati za wananchi. Kamati hununua vitu, mtunza bohari huvipokea, na karani huandika kitabuni: nondo za milimeta 12, vipande 60, zimepokelewa, hali njema. Kisha hutia sahihi. Basi nawauliza, hayo maneno mawili, "hali njema", maana yake nini? Tukiandika jambo ambalo hatukulipima, tumetoa ushahidi wa jambo ambalo hatukuliona. Hiyo ndiyo sababu ya hotuba yangu.

Jambo la kwanza ninalotaka tulishike ni hili: nguvu si kitu kimoja. Twazoea kusema kitu hiki kina nguvu na kile ni dhaifu, kana kwamba vyote vyapimwa kwa kipimo kimoja. Sivyo. Kamba ina nguvu ukiivuta, lakini ukijaribu kuisukuma hujikunja tu. Tofali lastahimili kubanwa na ukuta mzima juu yake, lakini lishike ncha zote mbili ulipinde, litavunjika upesi. Kioo ni kigumu hata msumari hauwezi kukikwaruza kwa urahisi, walakini jiwe dogo la mtoto hukivunja. Ngozi haina ugumu wowote, na jiwe lile lile haliifanyi kitu. Kwa hiyo mtu mwenye busara haulizi tu, "Je, kitu hiki kina nguvu?" Huuliza, "Kina nguvu juu ya mzigo gani?"

Na mizigo ni ya namna chache tu. Kitu chaweza kuvutwa, chaweza kubanwa, chaweza kupindwa, chaweza kukatwa kama kwa mkasi, chaweza kusokotwa kama nguo inapokamuliwa. Tena kila kifaa kina tabia zake. Kuna ugumu, yaani uwezo wa kukataa kukwaruzwa na kuliwa. Kuna ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda. Kuna unyumbufu, yaani kunyooka na kurudi kama kwanza mzigo ukiondolewa. Na kuna ustahimilivu, yaani kupokea pigo la ghafula bila ya kupasuka. Kifaa kimoja chaweza kuwa na tabia moja kwa wingi na kukosa nyingine kabisa.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa elimu hii. Wakinga wa milima ya Livingstone walijulikana kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalishuka mpaka kwa Wanyakyusa. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science ya kwamba wahunzi wa kale wa nchi ile walikuwa wakipata chuma cha pua katika tanuri zao za udongo zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chuma cha pua ni nini? Ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, ile kaboni iliyomo katika makaa. Chuma chenye kaboni ya sehemu mbili katika elfu ni laini, chapindika, nacho hufaa kwa misumari na waya. Kikiwa na sehemu nane katika elfu huwa kigumu, nacho hufaa kwa visu na springi. Kikipita sehemu ishirini na kufikia thelathini au arobaini, ndicho kile chuma cha kusubu, kama cha vyungu vizito na mashine za zamani. Hicho ukikibana ni hodari, lakini ukikipiga nyundo hupasuka kama chungu.

Mtazameni mhunzi anayefua panga kwa springi ya lori kuukuu. Hulitia motoni mpaka liwe jekundu, hulifua, kisha hulizamisha katika maji. Hapo limekuwa gumu mno, na akiliacha hivyo litavunjika siku ya kwanza katika kisiki. Kwa hiyo hulirudisha motoni kidogo, kwa moto wa kiasi, ili apunguze ugumu na kupata ustahimilivu. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, ila tabia zimebadilika. Mhunzi huyo hakusoma kitabu, lakini ajua ya kuwa kila tabia ina bei yake, na ukizidisha moja hupunguza nyingine.

Sasa tuje kwenye nondo zetu. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni ya kwamba kitu chenye unyumbufu hurefuka kwa kadiri ya mzigo kinaoubeba: mzigo ukiwa mara mbili, kurefuka huwa mara mbili. Chuma hufuata kanuni hii mpaka kufika mpaka wake. Chukueni nondo ya chuma laini cha kawaida, upana wake milimeta 12. Ukiikata na kutazama uso wake, eneo lake ni milimeta mraba 113. Chuma hicho huvumilia kiasi cha nyutoni 250 katika kila milimeta mraba kabla ya kupita mpaka, na nyutoni kumi ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Maana yake nondo hiyo moja, ikining'inizwa, yaweza kubeba kiasi cha magunia 28 ya mpunga, ya kilo mia mia, na katika kila meta moja itarefuka milimeta moja na robo tu. Mkiyaondoa magunia, itarudi kama ilivyokuwa. Mkizidisha, itaanza kunyooka bila ya kurudi, na baadaye sana ndipo itakapokatika. Hii ndiyo fadhili ya chuma laini: kabla ya kufa hutoa habari.

Lakini mwaona ya kuwa hesabu yote imesimama juu ya upana wa nondo, tena si juu ya upana tu, bali juu ya upana uliozidishwa kwa upana. Nondo ikiitwa ya milimeta 12 nayo kwa kweli ina milimeta 11, macho hayatambui. Watu husema, "Milimeta moja ni nini?" Lakini 11 mara 11 ni 121, na 12 mara 12 ni 144. Nguvu imepungua kwa sehemu 16 katika mia. Ikiwa na milimeta 10, nguvu imepungua kwa sehemu 30 katika mia, karibu theluthi moja. Fedha imelipwa yote, na theluthi ya chuma haikufika.

Je, karani asiye na mitambo atajuaje? Mabwana, hapa Ubaruku hatukosi mizani. Mizani ile ile tunayopimia mchele mashineni yatutosha. Kanuni yake ni nyepesi: chukua upana wa nondo kwa milimeta, uzidishe kwa huo huo, kisha ugawanye kwa 162. Jawabu ni kilo kwa kila meta moja. Kwa nondo ya 12, ni 144 kugawanywa kwa 162, yaani gramu 889 kwa meta. Kipande cha meta 12 chapaswa kuwa na kilo 10 na gramu 670 hivi. Kipande cha nondo ya 10 ni kilo 7 na gramu 400, na cha nondo ya 16 ni kilo 19 kasoro kidogo. Pimeni kwanza urefu kwa futi kamba, maana vipande vifupi navyo viko. Kisha fungeni vipande kumi pamoja, mvitie mizanini. Kupungua kidogo sana kwaruhusiwa na viwango, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoa vitu sawasawa kabisa. Lakini vipande kumi vya 12 vikija na kilo 90 badala ya 106, hiyo si ajali ya kiwandani.

Sisi wa Usangu twaijua lumbesa, ule mzigo wa mpunga unaoshonewa kilemba juu ya gunia ili mkulima apunjwe. Nondo nyembamba ni lumbesa iliyogeuzwa: huku mnunuzi alizidishiwa bila kulipa, na huku mnunuzi hulipa bila kupewa. Tofauti ni kwamba lumbesa ya mpunga huumiza mfuko, na hii ya nondo yaweza kuangukia watoto darasani.

Nami sasa nasema juu ya zege. Tabia yake ni kinyume cha kamba: hodari wa kubanwa, dhaifu wa kuvutwa. Zege njema ya kawaida hubeba nyutoni 25 kwa kila milimeta mraba ikibanwa. Kipande cha mraba cha sentimeta 15 kila upande, ambacho mainjinia hukitumia kwa majaribio, chastahimili kiasi cha tani 57 kabla ya kupondeka. Lakini ikivutwa, zege ile ile haifiki hata kwenye sehemu moja ya kumi ya hiyo, au hapo hapo tu. Kwa sababu hii watu walifikiri kuitia chuma ndani, ili chuma kibebe mvuto na zege ibebe kubanwa.

Hapa ndipo mahali penye kosa kubwa. Chukueni kivuko cha zege juu ya mfereji wa mashamba yetu. Tela la mpunga likipita, kivuko hupinda kidogo: upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Basi nondo zapaswa kulala karibu na chini, zikiwa zimefunikwa na zege ya kutosha ili zisipate kutu. Fundi akiziacha zielee katikati, kivuko kitakuwa na chuma chote kilichoandikwa katika hesabu, na hata hivyo nguvu yake itapungua sana. Lakini katika baraza lililotokeza nje ya ukuta bila nguzo, mambo hugeuka: juu ndiko kunakovutwa, na nondo zapaswa kuwa juu. Mtu akikanyaga nondo hizo wakati zege ni mbichi, zikashuka chini, amelivunja baraza kabla halijakauka. Hivyo wingi wa kifaa si nguvu, kisipokuwa mahali pake.

Tazameni pia namba iliyoandikwa juu ya mfuko wa saruji, 32.5 au 42.5. Wengi hudhani ni alama ya bei. Ni nguvu. Maana yake ni kwamba saruji hiyo ikichanganywa na mchanga wa kipimo katika maabara na kukaa siku 28, yapaswa kustahimili si chini ya nyutoni 42.5 kwa kila milimeta mraba. Ile ya 32.5 yafaa kwa kujengea matofali na kupiga lipu. Kwa nguzo na mihimili, mainjinia hupendelea ile ya 42.5. Karani anayeandika "saruji, mifuko 50" bila namba hiyo ameacha nusu ya habari.

Lakini namba ya mfuko haiwezi kuokoa zege iliyolowa mno. Mwaka 1918 Mmarekani Duff Abrams alionyesha ya kuwa nguvu ya zege hufuata zaidi kipimo cha maji dhidi ya saruji. Kwa mfuko wa kilo 50, maji ya lita 25 ni kiasi kizuri, yaani ndoo kubwa moja na robo, pamoja na maji yaliyokwisha kuwamo katika mchanga. Vibarua hupenda kuongeza mpaka lita 35 kwa kuwa uji mwepesi ni rahisi kumwaga. Hiyo ndoo nusu ya maji, isiyo na gharama yoyote, yaweza kuondoa theluthi ya nguvu, maana maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana. Na ikiisha kumwagwa, zege haitaki kukaushwa kwa jua. Yataka kunyweshwa maji na kufunikwa, siku saba kwa uchache. Siku ya saba hupata kiasi cha theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Anayeharakisha kuondoa mbao za chini amtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima.

Juu ya matofali nitasema machache. Udongo wa huku wafaa, na pumba za mpunga huchoma vizuri moto ukidumishwa. Yaliyo katikati ya tanuri huiva, ya pembeni hubaki mabichi. Chukua mawili uyagonganishe: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya mti mbovu. Liloweke bichi usiku kucha, asubuhi pembe zake zitamenyeka kwa kidole. Matofali mabichi yakiwekwa chini ya ukuta, mahali penye unyevu wa masika, nyumba imejengwa juu ya uji.

Na mbao? Nyingi zatoka Sao Hill, Mufindi. Ubao wa mbili kwa nne ukilazwa kwa upana wake hubeba mzigo nusu tu ya ule uwezao kubeba ukisimamishwa kwa ubavu, na hupinda mara nne zaidi. Ubao ni ule ule, bei ni ile ile, kilichobadilika ni namna ya kuuweka. Tena ubao hubeba kwa kufuata nyuzi zake. Penye fundo kubwa nyuzi zimekatizwa, na hapo ndipo utakapovunjikia.

Liko jambo moja zaidi, ambalo halionekani kwa mzani wala kwa macho, nalo ni uchovu. Karne ya 19, magari ya moshi ya Ulaya yalikuwa yakivunjika ekseli ambazo zilikuwa zimebeba mizigo ile ile kwa miaka. Mjerumani August Wöhler, katika miaka ya 1850 na 1860, alizijaribu kwa mashine, akaona ya kwamba mzigo mdogo usioweza kuvunja chuma kwa mara moja, huweza kukivunja ukirudiwa mara maelfu na maelfu. Huanza ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi penye pembe kali au mkwaruzo, ukakua kila gurudumu linapozunguka. Kwa hiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 nayo hupita katika Usangu wetu, huhitaji kukaguliwa daima, na ekseli ya tela letu la mpunga kadhalika. "Jana ilibeba" si ushahidi ya kuwa kesho itabeba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa chuma hauzibiki, ila kutoa kile cha zamani na kutia kipya.

Watu wengine hujibu hivi: "Mainjinia huweka akiba kubwa, kupungua kidogo hakudhuru." Ni kweli akiba ipo. Katika kanuni za Ulaya nguvu ya chuma cha nondo hugawanywa kwa 1.15, na ya zege kwa 1.5, kabla ya kuanza hesabu. Lakini tufanye hesabu wenyewe. Kugawanya kwa 1.15 ni kuweka kando sehemu 13 katika mia. Na tumeona ya kuwa nondo ya 12 iliyo na 11 imepoteza sehemu 16. Milimeta moja imekwisha kula akiba yote ya chuma na kuvuka. Akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya mambo tusiyoyajua, kama zege isiyoshindiliwa vema; haikuwekwa iwe posho ya mwuzaji.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Machi 1913 ingekuwa hadithi ya wazee, lakini ni tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo, na wengi wakafa tena. Sitaki kuhukumu sababu zake. Hiyo ni kazi ya waliochunguza. Nasema tu ya kwamba jengo halisomi risiti. Hubeba kwa kile kilichomo ndani yake kwa kweli, si kwa kile kilichoandikwa.

Basi natoa mashauri matatu, mkutano uyapime. Kwanza, katika kitabu cha kupokelea vitu tuongeze safu moja ya uzito na nyingine ya urefu, na kwa saruji tuandike namba ya nguvu na tarehe iliyo juu ya mfuko. Pili, maneno "hali njema" yasiandikwe mpaka mizani imesema. Tatu, karani atakayekuta upungufu aandike hesabu zake wazi, ampelekee injinia wa wilaya na mwenyekiti wa kamati siku ile ile, wala asiachwe peke yake anapoulizwa na wakubwa au na mwuzaji. Katika hilo la tatu ndipo chama chetu kinapohitajika, kwa maana mtu mmoja akisema kweli huonekana mkorofi, lakini wote wakipima, kupima huwa desturi ya ofisi.

Kalamu haibebi paa, Bwana Mwenyekiti. Lakini paa nyingi za nchi hii zimeingia bohari kwa kalamu zetu. Nipo tayari kujibu maswali. Nimemwomba pia Bwana mwenye mashine ya kukoboa atuazime mizani yake Jumamosi asubuhi, nasi tutazipima nondo za darasa jipya, kila anayependa aje aone.